Ibn Rushd: Kadhi aliyetumia umri wake kusherehesha vitabu vya wengine



Majuzi, baada ya sala ya Ijumaa, nilisimama nje ya msikiti nikizungumza na kijana mmoja aliyemaliza chuo kikuu, kijana mwenye dini yake na mwenye kupenda kusoma. Mazungumzo yakafika kwenye sababu za kudorora kwa elimu katika umma, naye akatoa jibu ambalo ilionekana wazi alikwishalifikiria siku nyingi. Kwa maoni yake, Waislamu walilala siku maulamaa wao walipoacha kuandika vitabu wakaanza kuandika sherehe za vitabu. Mmoja akaandika matini, wa pili akaisherehesha, wa tatu akaandika hashiya juu ya ile sherehe, wa nne naye akaongeza maelezo juu ya hashiya, na karne zikapita watu wakitafuna kilichokwisha kutafunwa.

Nakiri kwamba nilishikwa na kigugumizi. Mimi nimelelewa katika vitabu hivyo hivyo. Safina tuliisoma kwa sherehe ya Sheikh Nawawi wa Banten, na kaka zetu waliotutangulia walifika kwenye Minhaj ya Imam Nawawi pamoja na zile sherehe zake nene. Sheikh alikuwa akisoma sentensi moja ya matini, anavua miwani, kisha tunakaa juu ya sentensi ile mpaka adhana ya Magharibi. Sikujua nimjibu nini yule kijana. Nilipofika nyumbani ndipo nikamkumbuka mtu mmoja ambaye huko Ulaya, kwa mamia ya miaka, hawakuhitaji hata kumtaja kwa jina. Walimwita Mshereheshaji tu, na kila msomi akajua ni nani.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwenye neno. Siku hizi ukisema mshereheshaji, watu wa mjini watamfikiria yule bwana mwenye kipaza sauti harusini. Na ukisema sherehe, akili inakwenda kwenye pilau. Lakini neno ni la Kiarabu, sharh, maana yake ni kufungua na kufafanua, na vitabu vya mashairi ya Kiswahili vimeitunza maana hiyo: tazama kurasa za mwisho, utakuta sehemu iitwayo sherehe, ambamo maneno magumu ya mshairi hufafanuliwa. Kwa maana hiyo ndiyo ninayolitumia leo.

Mtu mwenyewe ni Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad bin Rushd. Alizaliwa Cordoba, mji ambao Waislamu waliuita Qurtuba, huko Andalusia, mwaka 520 Hijria, sawa na 1126 Miladia. Wazungu waliliharibu jina lake likawa Averroes. Babu yake alikuwa na jina hilo hilo, naye alikuwa kadhi wa Cordoba na mmoja wa vinara wa madhehebu ya Imam Malik katika nchi za magharibi. Babu alifariki mwaka ule ule aliozaliwa mjukuu, kwa hiyo wanazuoni, ili wasichanganye, humwita mmoja Ibn Rushd babu na mwingine Ibn Rushd mjukuu. Kitabu kikubwa cha babu, al-Bayan wat-Tahsil, nacho ni sherehe ya kitabu cha fiqhi kilichoandikwa kabla yake. Kazi hii basi ilikuwa ya nyumbani.

Baba naye alikuwa kadhi, na mtoto alifundishwa kama watoto wa nyumba za makadhi walivyofundishwa: Qur'ani, lugha, mashairi ya Waarabu, fiqhi, na Muwatta ya Imam Malik aliyoihifadhi kwa moyo. Akaongeza utabibu, hesabu na elimu ya nyota. Inasimuliwa kwamba tangu alipopata akili hakuacha kusoma ila usiku mbili tu: usiku aliofariki baba yake na usiku aliooa. Huenda masimulizi yameongezwa chumvi, lakini watu huongezewa chumvi kwa jambo ambalo tayari wanajulikana nalo.

Mwaka 1153 alikuwa Marrakesh, makao ya watawala wa al-Muwahhidun waliokuwa wameishika Morocco na Andalusia. Huko aliitazama nyota ya Suheili, ambayo Cordoba haionekani kwa kuwa mji uko kaskazini mno. Mabaharia wa pwani yetu walilijua jina hilo, maana kwa wazee wa vyombo vya tanga suheli ni upande wa kusini. Ibn Rushd alichukua jambo hilo dogo akalitia katika sherehe: kama nyota inaonekana ukisafiri kusini na inapotea ukirudi kaskazini, basi ardhi ni mviringo, na aliyesema hivyo zamani, Aristotle, hakukosea. Tayari hapo unaiona namna yake ya kusoma. Hakutosheka kuuliza kitabu kinasema nini. Alitoka nje akatazama juu.

Kisha likaja tukio lililougeuza umri wake. Mtawala wa al-Muwahhidun wakati huo alikuwa Abu Yaaqub Yusuf, aliyeshika madaraka mwaka 1163, mtu mwenye kupenda vitabu. Tabibu wake alikuwa Ibn Tufayl, yule mwandishi wa kisa cha Hayy bin Yaqdhan. Karibu na mwaka 1168 Ibn Tufayl alimpeleka Ibn Rushd mbele ya mtawala, akamsifu yeye na ukoo wake. Mtawala, baada ya kumuuliza jina na nasaba, akamtupia swali moja zito: wanafalsafa wanasemaje juu ya mbingu, je, ni ya milele au imeumbwa?

Ibn Rushd mwenyewe alimsimulia mwanafunzi wake kwamba alishikwa na hofu. Aliogopa, akakana kabisa kwamba amewahi kujishughulisha na falsafa. Tusimcheke. Swali lile lilikuwa mtego ambao umewamaliza wengi, na yeye hakujua kwamba wawili hawa walikwishazungumza. Mtawala akamwacha, akamgeukia Ibn Tufayl, akaanza kuyaeleza yaliyosemwa na Aristotle na Plato na majibu ya wanazuoni wa Kiislamu dhidi yao, kwa ufasaha ambao Ibn Rushd hakuutarajia kwa mtu mwenye dola. Taratibu hofu ikamtoka, akafunguka, akasema aliyokuwa nayo. Alipoondoka alipewa fedha, joho la heshima na mnyama wa kupanda.

Baadaye Ibn Tufayl akamwita. Akamweleza kwamba mtawala analalamika: vitabu vya Aristotle havifahamiki, ama kwa ugumu wa Aristotle mwenyewe ama kwa ugumu wa waliovitafsiri, na angependa apatikane mtu wa kuvifahamu vizuri kisha avisogeze karibu na watu. Ibn Tufayl alikuwa mzee na mwenye shughuli nyingi za utumishi. Akaikabidhi kazi kwa Ibn Rushd.

Ndugu msomaji, hebu fikiria ukubwa wa kazi yenyewe. Aristotle alifariki mwaka 322 kabla ya Nabii Isa (AS). Aliandika kwa Kiyunani. Vitabu vyake vilitafsiriwa Baghdad, vingine moja kwa moja, vingine vikipitia kwanza Kisiriani, na watu kama Is-haq bin Hunayn na Abu Bishr Matta. Ibn Rushd hakujua Kiyunani wala Kisiriani. Alikuwa na tafsiri za Kiarabu tu, nyingine nzuri na nyingine za ovyo, na pale alipopata mbili za kitabu kimoja alizilinganisha neno kwa neno ili akisie asili ilisema nini. Na hakuwa mtu wa kukaa maktabani. Mwaka 1169 aliteuliwa kadhi wa Seville. Katika sherehe moja ya vitabu vya wanyama aliyoimaliza huko, anamwomba msomaji amwie radhi kwa makosa, kwa kuwa kazi ya ukadhi imembana na vitabu vyake viko mbali, Cordoba. Mwaka 1171 akarudi Cordoba, baadaye akawa kadhi mkuu kama babu yake, na mwaka 1182 akamrithi Ibn Tufayl katika utabibu wa mtawala. Sherehe zaidi ya 30 aliziandika katikati ya kesi za mirathi, safari za Marrakesh na wagonjwa.

Alikuwa na namna tatu za kusherehesha. Ya kwanza ni muhtasari: anachukua kiini cha kitabu na kukieleza kwa maneno yake. Ya pili ni ya kati, talkhis, anamfuata mwandishi hatua kwa hatua akiyapanua maneno yake. Ya tatu ndiyo kubwa. Hapo ananukuu kipande cha matini chote, hakatizi, kisha anakaa juu yake: hili neno maana yake hii, hoja hii inategemea ile iliyotangulia, fulani alielewa hivi na amekosea kwa sababu hii. Anamaliza, anachukua kipande kinachofuata. Ukiwa umewahi kukaa darsa ya tafsiri mwezi wa Ramadhani, huhitaji kuelezwa zaidi. Na si ajabu, maana mtu huyu alikulia katika darsa za namna hiyo. Sherehe kubwa za aina hii aliziandika kwa vitabu vitano tu, kikiwemo kile cha Metafizikia na kile cha Nafsi.

Kitabu cha Nafsi alikisherehesha kwa namna zote tatu, na hapa ndipo ningependa yule kijana anisikilize. Suala lilikuwa akili ya mwanadamu: ni nini hasa kinachopokea elimu ndani yetu, na je, ni kitu cha mtu mmoja mmoja au ni kimoja kwa wanadamu wote? Matini ya Aristotle hapo ni fupi na ina giza. Katika muhtasari Ibn Rushd alikuwa na rai moja. Katika sherehe ya kati akawa na nyingine. Katika sherehe kubwa akaziacha zote mbili, akasimama kwenye rai ya tatu, ile iliyokuja kuzua vita katika vyuo vya Ulaya. Mtu mmoja, kitabu kimoja, rai tatu katika umri mmoja. Kama kusherehesha ni kutafuna kilichotafunwa, mambo haya mapya yalitoka wapi? Yalitoka katika kukaa na matini ngumu bila kuikimbia, mpaka inapokulazimisha uyaache uliyoyaandika mwenyewe.

Sisemi kwamba alipatia kila mahali. Kosa lake moja lina mafunzo kuliko mengi aliyopatia. Aristotle ana kitabu juu ya ushairi, na humo anazungumzia michezo ya kuigiza ya Wayunani, ile ya huzuni na ile ya kuchekesha. Waarabu hawakuwa na jukwaa la maigizo. Mtarjumi Abu Bishr Matta, aliyefariki mwaka 940, alipofika hapo akaandika kwamba ya kwanza ni madh na ya pili ni hija, yaani mashairi ya kusifu na mashairi ya kukashifu. Ibn Rushd akalipokea kosa hilo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii akalijengea nyumba nzima. Pale Aristotle alipotaja waigizaji, yeye akaleta mifano ya washairi wa Kiarabu. Matokeo yake ni kitabu cha ajabu, sherehe ya jambo ambalo mshereheshaji hakuwahi kuliona, na bado ndani yake kuna maneno mazuri juu ya mashairi ya Waarabu. Mwaka 1256 kikatafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo, na kwa zaidi ya miaka 200 Wazungu waliisoma kazi ya Aristotle juu ya ushairi kwa macho ya kadhi wa Cordoba, pamoja na kosa lake.

Kitabu cha Aristotle juu ya siasa hakikumfikia. Hakukaa bure, akachukua Jamhuri ya Plato akaisherehesha badala yake. Humo, akiwa anamfafanua Myunani, anageuka ghafla na kuitazama miji yake mwenyewe: wanawake wa Andalusia wamefungiwa katika uzazi na malezi tu, vipaji vyao havijulikani, na jambo hilo ni mojawapo ya sababu za umasikini wa miji ile. Huyu ni kadhi wa karne ya 12, naye ameipata nafasi ya kulisema hilo ndani ya sherehe ya kitabu cha mtu mwingine. Ni mara ngapi mtu husema chini ya matini ya mwenziwe jambo asilothubutu kulisema kwa jina lake!

Hakuandika sherehe tupu. Katika fiqhi aliacha Bidayatul Mujtahid, kitabu ambacho hadi leo kinasomeshwa, na alikikamilisha kwa mlango wa Hija mwaka 1188. Uzuri wake ni kwamba hakutaji tu kwamba Malik kasema hivi na Shafi na Abu Hanifa wamesema vile. Anakuonyesha chanzo cha kutofautiana kwao: neno lenye maana mbili, hadithi iliyomfikia huyu isimfikie yule, kiyasi kilichokubaliwa hapa kikakataliwa pale. Ugomvi mwingi wa misikitini kwetu ungepungua sauti kama watu wangesoma walau mlango wa sala. Katika utabibu aliandika al-Kulliyyat. Na katika Faslul Maqal, alichokiandika kwa mwendo wa fatwa, alijadili kama sharia inaruhusu, inakataza au inaamrisha kuisoma falsafa, akahitimisha kwamba kwa mwenye uwezo inaamrishwa, na kwamba mambo hayo yasitupwe mbele ya kila mtu.

Sasa nifike kwa Imam Ghazali. Najua wengi wetu tunampenda, nami ni mmoja wao, Ihyaa iko karibu na kitanda changu. Mwaka 1095 Imam Ghazali aliandika Tahafutul Falasifa, akawajibu wanafalsafa katika masuala 20, na katika matatu kati ya hayo akawahukumu kuwa wametoka katika dini: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Mwenyezi Mungu (SW) hayajui mambo madogo madogo kwa umoja wake, na kukana kufufuliwa kwa miili. Imam alifariki mwaka 1111, kabla Ibn Rushd hajazaliwa. Karibu na mwaka 1180 Ibn Rushd akamjibu kwa Tahafutut Tahafut. Na alimjibuje? Kwa namna ya mshereheshaji. Alichukua kitabu cha Ghazali karibu chote, akakiweka ndani ya chake, kipande kwa kipande, na chini ya kila kipande akaandika jibu. Mahali pengine anakubali kwamba Imam amepatia na kosa ni la Ibn Sina. Ungepotea ulimwenguni kote kitabu cha Ghazali, ungeweza kukisoma sehemu kubwa ndani ya kitabu cha mpinzani wake.

Nani alikuwa na haki, simo katika kuhukumu leo. Lakini namna ile ya kujibu inanichoma mimi binafsi, na nitaeleza kwa nini. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado na damu moto, niliandika katika gazeti moja makala kali dhidi ya kitabu cha Mwislamu mwenzetu. Sikuwa nimekisoma. Niliyasikia maneno yake kwa mtu niliyemwamini, nikakamata kalamu. Makala ikasifiwa, watu wakanipigia simu. Wiki ya pili sheikh wangu, mzee aliyekuwa akitusomesha, akaniita baada ya Alasiri. Hakunilaumu. Alinitaka nikitafute kile kitabu, nije nimsomee mahali mwandishi aliposema hayo. Nilihangaika siku kadhaa nikakipata, nikafungua ukurasa. Mwandishi alikuwa ameyataja maneno yale kama hoja ya wapinzani wake, kisha ukurasa wa pili akayajibu vizuri kuliko nilivyoyajibu mimi. Sheikh akaniacha nisome mpaka mwisho wa mlango, kwa sauti. Niliandika masahihisho, yakatoka kwa herufi ndogo ndani kabisa ya gazeti. Nilipomtafuta mwandishi nimtake radhi niliambiwa alikwishafariki. Kwa hiyo ninapomwona mtu anamtanguliza mpinzani wake azungumze yote aliyonayo kabla ya kumjibu, siwezi kulipita hivi hivi.

Nirudi kwa kadhi wetu. Mtawala Abu Yaaqub alifariki mwaka 1184, akamfuata mwanawe Yaaqub al-Mansur, ambaye mwanzo alimwendeleza Ibn Rushd na kumkalisha karibu naye. Kisha mwaka 1195 mambo yakageuka. Dola ilikuwa vitani na mfalme wa Castile, na wapo wanahistoria wanaosema kwamba mtawala alihitaji kuungwa mkono na mafakihi na watu wa kawaida, ambao hawakuipenda falsafa. Husuda za watu wa Cordoba nazo zilikuwepo. Zikakusanywa karatasi za Ibn Rushd, yakatolewa maneno huku na kule, mengine yakiwa ni maneno ya wahenga wa Kiyunani aliokuwa akiwafafanua, yakasomwa kana kwamba ni itikadi yake.

Katika mashitaka lilikuwemo hili la twiga. Ndiyo, twiga, mnyama wetu huyu huyu. Katika sherehe ya kitabu cha wanyama, alipofika kumweleza twiga, Ibn Rushd aliongeza kwamba yeye amemwona kwa macho, kwa mfalme wa Barbar. Watawala wale walikuwa kweli Waberiberi, lakini kuwaita hivyo bila vyeo, kama mwanafunzi anayetaja mfalme wa nchi ya mbali, lilikuwa tusi kwao. Inasimuliwa kwamba alijitetea kuwa hakuandika malikul Barbar, bali malikul barrayn, mfalme wa bara mbili, yaani Afrika na Andalusia, ila msomaji amekosea kusoma. Kwa hati ya Kiarabu ya mkono, tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo sana. Mtu aliyeishi kwa kuwasahihisha watarjumi na wanukuzi, akalinganisha nakala hii na ile ili apate neno sahihi, akajikuta anauombea uhai wake kwa njia ya herufi mbili tatu.

Alihamishiwa Lucena, mji mdogo kusini ya Cordoba uliojulikana kwa Wayahudi wake, na kukavumishwa kwamba asili yake ndiko. Zikatumwa barua mijini kuwatahadharisha watu na elimu hizo, vitabu vya falsafa vikachomwa, vikaachwa vya utabibu, hesabu, na vya nyota kwa kiasi cha kujulia nyakati na kibla. Imepokewa kwamba yeye mwenyewe alilitaja jambo lililomuuma kuliko yote: siku aliyoingia msikitini Cordoba pamoja na mwanawe, sala ya Alasiri ikiwa imewadia, wakainuka watu wasio na elimu wakawafukuza. Mzee wa karibu miaka 70, aliyeihifadhi Muwatta, aliyekuwa kadhi mkuu wa mji ule ule, mjukuu wa kadhi, anafukuzwa kwenye safu ya sala. Waliomfukuza hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vyake.

Baadaye al-Mansur alipokuwa Marrakesh alilegeza, akamsamehe na kumwita kwake. Haikuwa kwa muda mrefu. Ibn Rushd alifariki Marrakesh mwezi wa Safar mwaka 595 Hijria, Desemba 1198, akazikwa huko. Baada ya miezi mitatu mwili wake ukafukuliwa, ukapelekwa Cordoba kwenye makaburi ya wazee wake. Mmoja wa waliokuwepo ni Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi, kijana wakati huo, ambaye aliliandika alilolishuhudia. Jeneza lilipakiwa upande mmoja wa mnyama, na ili mzigo usipinduke, upande wa pili vikawekwa vitabu vyake. Pamoja naye alisimama Ibn Jubayr, yule msafiri maarufu, na mwenzao mmoja ambaye ndiye aliyewaonyesha: kule imamu, na huku kazi zake.

Vitabu vile vilikwenda mbali kuliko jeneza. Wayahudi wa Uhispania na kusini mwa Ufaransa waliviweka katika Kiebrania, na msomi wao Levi ben Gerson akaandika sherehe juu ya sherehe za Ibn Rushd, jambo ambalo yule kijana wangu angelicheka. Mapema katika karne ya 13 Michael Scot akavigeuza vingi kuwa Kilatini. Mjini Paris padre Thomas Aquinas alimtegemea kumwelewa Aristotle, na mwaka 1270 akaandika kitabu kizima kumpinga juu ya ile rai ya akili. Mwaka 1277 askofu wa Paris akapiga marufuku hoja nyingi, baadhi zikinasibishwa na wafuasi wake. Mshairi Dante alimtaja kama mtu aliyeandika ile sherehe kubwa. Na Venice, kati ya mwaka 1550 na 1552, wachapaji walitoa kazi za Aristotle pamoja na sherehe za Ibn Rushd, matini na sherehe katika kurasa zile zile, kama tulivyozoea kuona katika vitabu vyetu vya darasani.

Kwa Kiarabu, vingi havikubaki. Sherehe kubwa ya Metafizikia ilinusurika, ikachapishwa Beirut kati ya mwaka 1938 na 1952. Ile ya Jamhuri ya Plato imebaki kwa Kiebrania. Na sherehe kubwa ya kitabu cha Nafsi, ile yenye rai ya tatu, haijapatikana kamili kwa lugha aliyoiandikia. Mwaka 1997 wasomi wa Tunisia wakaitoa kwa Kiarabu, wakiitafsiri kutoka katika Kilatini.